Mufalme wa Nne

Kasongo, tarehe 28 januari 2024

Shangazi Marguerite,

Leo ninaanza vibaya, mbele ya salamu, juu nikisalimia kwanza roho ya kusema itapotea. Ile karatasi ni mimi niliiandika. Hapana Sifa, mwenzangu wa kalasi. Mimi. Sijaambia mutu. Hata mu kitubio padri aliuliza, "Na kingine?" nikajibu, "Ni hayo tu."

Sasa salamu. Huku tuko wazima. Baba mukubwa Zacharie, kaka yako, iko na sauti yake ileile. Mutu akipita barabarani anajua kama yeye, préfet, mukubwa wa shule yetu, iko mu kalasi. Mama mukubwa Emilienne goti limemuvimba tena lakini hakubali kukaa. Mvua ilibeba upande mumoja wa jikoni, tunapikia chini ya bati mbili.

Wewe ulisoma hapa, unajua namna tunasoma. Kitabu ni kimoja na kiko na mutu mumoja: préfet. Yeye anasoma kwa sauti, sisi tunaandika, na kile kilicho mu kaye, daftari zetu, ndicho somo. Mwenye hakuwako ananakili kwa mwenzake. Mwaka huu anayenakilia watu wote ni Sifa, binti ya Katembo, muchimbaji aliyetoka Butembo. Baba yake anakaa huko kwenu Salamabila. Sifa aliachwa hapa kwa Mama Marie-Jeanne wa parokia ili amalize sixième, mwaka wa mwisho. Mwandiko wake umenyooka kama wa mashini. Tunamuita Photocopie. Wavulana waliokwenda mu mashimo ya zahabu wakati wa Noeli wanarudi wamechelewa, wanamuletea kaye na karanga, naye ananakili huku anatafuna, mustari kwa mustari, bila kusoma.

Somo lenyewe lilikuwa le siècle des Lumières, karne ya mwangaza: namna wasomi wa Ulaya waliandika kwamba akili ni ya kila mutu, na namna wafalme walianza kuwasoma. Baba mukubwa analipenda kuliko masomo yote. Alitupa wafalme watatu wenye mwangaza, les despotes éclairés, namba moja, mbili, tatu. Kwa kila mumoja mistari mitatu: alisoma nini, alifanya nini, alikataa nini.

Siku ya Noeli nilibaki nyumbani na homa, wengine wote ku misa. Nilichukua karatasi moja nikaandika namba nne. Ninakunakilia:

"4. Zacharie wa Kasongo. Alisoma: vitabu vyote vya kabati la shule. Alifanya: alikataza fimbo ku masomo, alirudisha mu kalasi wasichana waliozaa. Alikataa: kufungua lile kabati. Kila Alhamisi wanafunzi wanalima mupunga wake, na kazi hiyo inaitwa travaux manuels, somo la kazi ya mikono. Mwenye kuuliza anaambiwa aende akaulize kwao. Anapenda uhuru sana, uwe mbali tu."

Nilicheka peke yangu, nikaiingiza mu kaye ya historia, homa ikapanda, nikasahau. Mwanzo wa januari Sifa, mwenye hakuwako siku ya lile somo, aliniomba kaye yangu, juu mimi sikosi somo. Nitakosa namna gani, ninalala nyumba moja na mwalimu. Akanakili namba moja, mbili, tatu, nne. Alifikiri ni somo. Kaye saba.

Ijumaa tarehe 19 inspecteur, mukaguzi wa shule, alikuja. Baba mukubwa alitaka kumuonyesha watoto wake wanajua.

"Aristote, simama. Tutajie wafalme wenye mwangaza."

Aristote, mumoja wa wale saba, anajifunza kama mutu anayejifunza litania. Akisimama anafunga macho. Akamutaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, akameza mate, akasema: "Quatre, Zacharie de Kasongo." Hakufungua macho. Alisema mistari yote mitatu, mupaka ule wa uhuru. Inspecteur alitoa miwani akapangusa machozi ya kicheko.

"Préfet, hukuniambia kwamba umetawazwa."

Baba mukubwa hakucheka. Alikusanya kaye zote. Mimi nilikuwa nimeisha kung'oa karatasi yangu, iko ndani ya blauzi, inanikwaruza. Kaye saba, mukono mumoja.

"Sifa, ulinakili kwa nani?"

Sifa aliangalia dirisha. "Sikumbuki, Préfet."

Jumatatu alifukuzwa. Na orodha ya finalistes, wale watakaofanya Examen d'État, mutihani wa mwisho wa inchi, inspecteur ataichukua mwisho wa marsi apeleke Kindu. Jina lisilo ndani, mwaka wote umekufa.

Ninajiambia kwamba kweli hakumbuki. Nifanye nini, shangazi? Simu iko moja, ya Baba mukubwa, na ukipiga anaweka sauti nyumba nzima isikie. Jibu kwa mukono wa Hervé wa moto, yule wa pikipiki, asipewe mwingine.

Mutoto wako,
Cadette


Salamabila, 11 februari 2024

Cadette, mutoto wa marehemu kaka yangu,

Barua yako imekaa njiani siku kumi na mbili. Hervé anasema huku kwa Wamaza muto ulipanda juu ya daraja, moto ilivuka kichwani mwa watu wanne, barua ndani ya kofia yake. Imefika na harufu ya jasho.

Huku tuko. Mashimo yamejaa maji. Wachimbaji wanakaa bure mbele ya mulango wangu wanabishana juu ya mupira, maharagi yanapoa. Mwambie Emilienne apake goti mawese ya moto na tangawizi, na aache kusimama, ingawa najua anasimama hata sasa ukisoma.

Sasa sikiliza. Ulichoandika juu ya kaka yangu ni kweli, na ndiyo maana utanyamaza. Zacharie anasamehe mwizi akimulilia. Anasamehe mulevi. Kuchekwa hasamehi. Baba yako alipokufa ni nani alikuja kukubeba? Unakula kwa nani? Huyo Sifa iko na baba. Wewe uko na nani, mimi muuza maharagi?

Na kitu kimoja kimenikasirisha mupaka nilichoma sufuria. Hukuniuliza ili ujue. Uliniuliza ili mutu mukubwa akuambie nyamaza, kisha uweze kunyamaza bila aibu. Haya, nimesema. Nyamaza. Sasa aibu ni yangu. Si ndivyo ulitaka?

Choma barua hii. Lakini mbele ya kuchoma uniandikie lile somo. Lote, hapana namba tu. Mimi nilitoka masomo nikiwa sixième kama wewe, wiki moja mbele ya Lumières. Ni miaka kumi na tisa. Kila nikija kwenu ninasikia kaka yangu akilitaja hilo jina ku meza mbele ya wageni, na sijui ndani mulikuwa nini. Juu ya nini nilitoka, usiulize.

Shangazi yako


Kasongo, 18 februari 2024

Shangazi,

Sikuchoma. Barua yako iko chini ya godoro pamoja na ile karatasi.

Tuko wazima. Goti limeshuka kidogo, mawese yamesaidia. Mupunga unaanza kubeba, kwa hiyo Alhamisi hatulimi tena, tunafukuza ndege. Finalistes thelathini na mbili wanaopigia ndege kelele mu shamba la mutu mumoja. Thelathini na moja, nimekosea. Sifa aliondoka Jumanne juu ya moto ya Hervé, huyuhuyu anayekubebea hii. Nilimupa kalamu yangu ya bik. Akasema, "Asante, Cadette. Usome vizuri." Niliingia chooni nikakaa huko mupaka moto haisikiki.

Somo ni hili. Nitaliandika kama ninavyolisikia mimi.

Ulaya ya miaka mia tatu iliyopita ilikuwa mahali pa amri. Mufalme ametumwa na Mungu, padri ameisha kusema, kaa chini. Wakatokea watu wakauliza: unajuaje? Mwingereza mumoja alikuwa ameonyesha kwamba mwezi ulio juu na tunda linaloanguka vinafuata sheria moja, na mutu anaweza kuihesabu. Basi wengine wakasema, kama mbingu iko na sheria yenye mutu anaweza kuisoma, na serikali je? Na gereza? Na kumutesa mutu ili akubali kosa, akili gani inasema hivyo?

Unajua maneno hayo yalitembea namna gani? Kama barua zetu. Mutu wa Paris anaandikia mutu wa Berlin, barua inasomwa mbele ya watu, inanakiliwa, inaendelea. Kitabu kilichokatazwa Ufaransa kinachapishwa Uholanzi ao Uswisi, kinarudi kimefichwa mu mizigo, kurasa hazijashonwa, jina la mwandishi hakuna. Wamama wa Paris wenye nyumba kubwa wanafungua baraza siku moja kila juma, wasomi wanakuja kubishana, na mwenye kugawa maneno ni mama. Mu nyumba za kahawa mumoja anasoma gazeti, kumi wanasikiliza. Na kulikuwa gazeti moja lisilochapishwa hata siku moja: wanakili waliliandika kwa mukono, likatumwa kwa siri kwa wafalme wa mbali, kama kumi na watano hivi. Kwa mukono, ili lisipite mbele ya mukaguzi wa vitabu. Hao wanakili hakuna anayejua majina yao. Ma-Sifa.

Kisha walitengeneza kamusi kubwa ya maarifa yote ya watu, mupaka namna ya kutengeneza sindano. Mufalme wa Ufaransa akaamuru karatasi za ile kamusi zikamatwe. Mukubwa wa wakaguzi mwenyewe akawatumia watungaji neno: kesho nitakuja kupekua kwenu, kama hamuna pa kuficha, leteni kwangu. Zikafichwa nyumbani kwa mukaguzi. Niliposikia hiyo nilifikiri, mimi ninalala humo.

Sasa wafalme. Frédéric wa Prussia alipunguza mateso mu magereza siku za kwanza za utawala wake, aliamuru wakulima wapande viazi, alimuita musomi mwenye jina kuliko wote akae ku meza yake. Walipogombana musomi akaondoka. Wakamukamata njiani, wakamufungia wiki kadhaa, juu mu muzigo wake alikuwa na mashairi ya mufalme, na mufalme aliogopa watu wayasome wamucheke. Ulisema vizuri, shangazi, juu ya kuchekwa.

Catherine wa Russia alisikia musomi mumoja anauzisha vitabu vyake ili aozeshe binti. Akavinunua vyote, akamuachia avitunze nyumbani kwake, akamulipa kama mutunzaji. Ni vizuri, hapana? Mwaka wa 1767 aliandika maongozi ya sheria, yenye kukataa mateso, maneno mengi ameyatoa kwa wasomi. Mwaka uleule alitoa amri: mukulima aliyefungwa ku shamba la bwana, akithubutu kumulalamikia bwana wake mbele ya malkia, atapigwa na kupelekwa Siberia. Mukono ni mumoja, shangazi. Wino ni ule.

Joseph wa Austria aliwaachia Waprotestanti na Wayahudi wasali, alifungua kamba za wakulima wake. Kisha akaamuru watu wazikwe mu gunia, na sanduku liwe la parokia, lenye mulango chini: maiti inashuka, sanduku linarudi kungoja mwingine. Inaokoa mbao. Watu walikasirika mupaka akafuta amri. Alikuwa amefikiri kila kitu isipokuwa kuwauliza.

Na kazi yao haikupotea yote, Baba mukubwa anasema, na mimi ninakubali. Inchi nyingi ziliacha kutesa watu. Toscana ilifuta hata hukumu ya kifo. Lakini mutu akiisha kusikia kwamba akili ni yake, hangoji tena mufalme amukatie kipande. Ndiyo Ufaransa ya 1789.

Kinachoniuma ni kwamba anajua. Angekuwa mujinga ningemusamehe. Aliposoma ile amri ya 1767 aligonga meza, niliona. Mwezi mumoja kisha, akamufukuza mutu juu ya malalamiko.

Juzi alitupeleka tena mbele ya kabati. Anaonyesha kupitia kioo, ufunguo ku mukaba. Ku mustari wa pili wa vitabu kuna pengo kubwa. "Hapa palikuwa atlas, kitabu cha ramani. Mulinzi Ismaël aliiiba mwaka wa 2005. Siku ile nilifunga. Mumeona watu wanafanya nini na mulango wazi?" Kila mwaka anasema hivyo. Ninachukia lile pengo kama mutu.

Cadette


Salamabila, 3 marsi 2024

Cadette,

Hatujambo. Maji yametoka mu mashimo, kelele imerudi, jirani yangu Aïcha ameozesha binti na tumecheza mupaka viatu vikaisha. Hayo ni mazuri, yameisha.

Somo lako nimelisoma mara tatu. Mara ya pili nilisoma kwa sauti, kwa mutu. Unamujua.

Anakula kwangu kila mchana. Asubuhi anatwanga mawe pamoja na wamama wengine, chuma ndani ya chuma, kutafuta zahabu iliyobaki mu makombo ya wanaume. Vumbi linamukaa mu nyusi kama mama muzee. Ile mikono ya mashini imepasuka. Juzi alijaribu kuniandikia bei ya maharagi ku mulango na herufi zilitetemeka, akazifuta akaanza tena, mara nne. Baba yake anasema diplome tutaona. Kila mutu huku anasema tutaona.

Sikumuambia somo limetoka kwa nani. Alisikiliza, amekaa juu ya jerikani, mupaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni kaye ya Cadette. Hakuna mwingine anayegombana na historia katikati ya mustari."

Nikamuuliza, "Na ile namba nne, ilikuwa mu kaye ya nani?"

"Shangazi, maharagi leo yana chumvi," akasema, akarudi kutwanga.

Alitaka kujua Prussia iko wapi. Tukaitafuta mu ramani. Ni ya rangi ya waridi, imelala kando ya bahari ya baridi. Aliweka kidole pale muda murefu, kidole kina kidonda, nikamuambia asichafue.

Ulinitumia kidonda chako mu bahasha, Cadette. Sasa kimekuja kwa miguu, kinakula ku meza yangu na kusema asante. Nilikuambia unyamaze. Leo sijui niseme nini, na kutojua kunanikasirisha kuliko wewe.

Shangazi


Kasongo, 10 marsi 2024

Shangazi,

Salamu. Mvua imepungua. Mama mukubwa alisimama tarehe 8 toka asubuhi, juu ilikuwa siku ya wamama na préfet alialika watu arobaini. Goti sasa ni kama papayi.

Baba mukubwa alitoa hotuba, amevaa shati la kitenge cha siku ile. Alisema mwanamuke aliyesoma ni taa ya inchi. Alisema mengi. Mama Marie-Jeanne, yule aliyekaa na Sifa, akasimama na sahani mukononi.

"Na taa yangu, Préfet? Ulizima ya nani?"

Watu waligeuza vichwa. Baba mukubwa hakukasirika, hiyo ndiyo mbaya yake, alitabasamu. "Mama, mimi sifukuzi kalamu. Ninafukuza woga. Yule mwandishi angetia jina lake, ningemupa mukono mbele yenu wote na tungebishana kama watu wenye akili. Lakini mutu anayetupa jiwe na kukimbia, huyo nitamuita nani?"

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nabeba wali. Nilisema moyoni, sasa. Nikafungua mudomo. Nikasema, "Nani bado hajapata wali?"

Hivyo tu, shangazi. Nimejichukia siku mbili. Kisha nikachoka kujichukia, nikakumbuka wewe.

Ramani gani? Uliandika mulitafuta Prussia mu ramani. Prussia haiko tena mu ramani za leo, niliuliza. Iko mu kitabu cha zamani chenye ramani za zamani. Atlas ngapi zinapita Salamabila, mu nyumba ya mama muuza maharagi? Nimerudi mbele ya kabati nikapima lile pengo kwa mikono yangu juu ya kioo. Ulitoka masomo mu 2005. Ismaël alifukuzwa mu 2005.

Uliniambia ninyamaze. Ninataka kujua ni nani aliyekuwa anasema.

Inspecteur amefika, analala parokia, anakusanya orodha za finalistes wa shule zote. Ataondoka Jumatatu tarehe 25.

Cadette


Salamabila, 19 marsi 2024

Cadette,

Leo hakuna salamu.

Wakati wetu kabati lilikuwa wazi. Unaingia, unachukua kitabu, unaandika jina mu kaye iliyofungwa kwa kamba ku mulango, unarudisha. Mimi sikuandika jina. Nilitaka dunia ile iwe yangu peke yangu siku mbili. Kisha kaka yangu akaona haipo akapiga kelele, nikaogopa kuirudisha. Wakasema Ismaël, juu kazi yake ilikuwa kulinda. Hakujua kusoma, basi wakasema ameiuzisha. Walimusimamisha mu kiwanja mbele ya shule nzima. Alisema, "Mimi nitafanya nini na dunia ya karatasi?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Cadette, ili niwe kama watu.

Alirudi kwao Lusangi. Alikufa na jina la mwizi.

Watu wanasema Zacharie alinifukuza, na nimewaacha waseme, ni vizuri kuwa mutu aliyeonewa. Sikufukuzwa. Nilikimbia wiki moja kisha, na atlas imefungwa ndani ya mukeka. Na ule ufunguo ku mukaba wake, unaouchukia, ni mimi niliyemupa sababu ya kuubeba. Weka hiyo mu namba nne yako kama unataka kuwa mutu wa haki. Kama unataka kuwa na kasirani tu, acha.

Sifa anajua ni wewe uliyeandika. Alijua toka siku ile. Nilimuuliza juu ya nini hakukutaja. Alisema, "Nilimuona ameshika blauzi yake, namna hii. Nikasema, atasema mwenyewe kesho." Akapiga mawe kidogo. Kisha akasema, "Kesho imekuwa ndefu."

Hervé anakuletea atlas. Ku ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu, mwaka, na kwamba Ismaël hakuiba. Mupe kaka yangu mu mukono. Sikuambii nyamaza, sikuambii sema. Kazi ya kukuambia nimeiacha.

Marguerite


Kasongo, Jumapili ya Matawi, 24 marsi 2024

Shangazi,

Leo salamu kwanza, juu sina tena haraka ya kusema. Nimeisha kusema.

Tuko wazima. Mama mukubwa amekubali kukaa, hatimaye. Alikalia benchi mu kanisa misa nzima. Mupunga umekomaa. Atlas imefika jana, kona moja imelowa, nyingine ni nzima. Nilifungua pale pa Prussia. Kuna alama ya kidole cha damu ndogo, kahawia. Sikuifuta.

Kisha misa nilimungoja inspecteur ku mulango wa kanisa, na matawi yangu mukononi kama mutoto wa katekisimu. Nilimupa karatasi. Niliandika kwa Kifaransa na chini yake kwa Kiswahili, ili asiseme hakuelewa: namba nne ni yangu, Sifa Katembo alinakili akifikiri ni somo, ninaomba jina lake lirudi ku orodha, na kama lazima jina moja litoke, litoke langu. Alisoma akisimama. Safari hii hakucheka.

"Uko mutoto wa nani?"

"Wa nyumba ya préfet."

Aliangalia juu ya vichwa vya watu, akamutafuta Baba mukubwa. "Orodha inaondoka kesho asubuhi. Mwenye kutia sahihi ni yeye, hapana mimi. Nitamushika mukono, tutakuja kwenu sasa hivi."

Nikakimbia. Nimekaa mu kiti cha Baba mukubwa, ku meza yake, ni saa tano na jua liko mu dirisha. Mbele yangu iko atlas, na kando yake karatasi ya Noeli, ile yenyewe, imekunjika kwa sababu ya blauzi. Nimeongeza mustari wa nne, ule ulioniambia: "Alifunga kabati juu mutu wa nyumba yake alimudanganya." Ni haki. Lakini sikufuta hata neno moja la juu. Kasirani yangu iko palepale, shangazi. Ningali ninamukasirikia juu ya mupunga, juu ya Sifa, juu ya sahani arobaini na goti la Mama mukubwa. Ninakukasirikia wewe juu ya Ismaël. Mimi mwenyewe ninangoja zamu yangu.

Alisema akipata jina atatoa mukono. Alisema mbele ya watu. Tutaona kama namba nne anasoma vitabu vyake mwenyewe.

Wanakuja. Ninavijua viatu vya Baba mukubwa, cha kushoto soli imelegea, kinapiga chini mara mbili. Inspecteur anasema kitu. Ufunguo wa kabati unalia ku mukaba. Mukono wangu umeisha kuvuta karatasi chini ya kitambaa cha meza, peke yake, bila kuniuliza, kwa mazoea. Niko naandika kwa mukono mumoja, ule mwingine ninaurudisha. Karatasi iko juu sasa, maandishi juu, atlas kando, na hii barua pia. Wako ku mulango.

Ile karatasi ya Noeli haikuwa na jina. Ninalitia sasa.

Cadette Mwayuma,
mwandishi wa namba nne